Umemtoa kwao, nani atasimama upande wake?

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kutokana na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kisha akatujaalia kuwa mataifa na makabila ili tutambuane, si ili tudharauliane. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake, maswahaba wake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, jambo ninalotaka tuzungumze leo limenifika hapa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, mkoani Geita, ninapofundisha somo la dini. Huku kwetu tumezungukwa na machimbo. Upande mmoja Bulyanhulu, upande mwingine Geita, na katikati yake maduara ya wachimbaji wadogo yasiyo na idadi. Penye dhahabu hukusanyika watu. Wapo Warundi, Wakongo, Wanyarwanda na Waganda, na vijana wetu nao huvuka mipaka kwa biashara. Watu wakichanganyika, wataoana. Hilo si tatizo. Uislamu haujapata kuharamisha ndoa kwa sababu ya mpaka uliochorwa na wakoloni.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa hapa alikwenda Bujumbura kwa biashara zake, akaoa katika mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili. Ndoa ilifungwa na walii wa binti, mahari ikatajwa, nusu ikatolewa na nusu ikabaki ahadi. Akaja naye nyumbani, tukamfanyia walima. Mimi nilikuwepo. Nilitoa mawaidha mafupi juu ya utiifu wa mke kwa mumewe, nikala pilau, nikaenda zangu. Hakuna hata mmoja wetu siku ile aliyemuuliza bwana harusi: Huyu mtoto wa watu umemwandalia nini zaidi ya kitanda?

Baada ya miaka sita yule kijana alifariki kwa ajali ya pikipiki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Akaacha mjane na watoto wawili. Hata mwezi mmoja wa eda haujaisha, maneno ya kumtaka arudi kwao yakaanza. Nilikwenda na mke wangu kumpa pole, naye akatuambia akiwa nyuma ya pazia: "Ustadhi, ndugu wa marehemu wana mwenyekiti wa kitongoji, wana shangazi zao, wana wazee wao. Mimi upande wangu ni nani?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu.

Aya tunayoisoma nusu

Kila mwalimu wa ndoa anaifahamu aya ya 35 ya Surat An-Nisaa. Allah (s.w) anatuelekeza kwamba tukichelea mfarakano baina ya mume na mke, tumpeleke mwamuzi kutoka katika jamaa za mume na mwamuzi kutoka katika jamaa za mke. Tunaisoma tukimfikiria binti wa mtaa wa pili, ambaye akipigwa leo, kesho baba yake amefika na bakora. Lakini yule uliyemtoa Bujumbura, Bukavu, Kigali au Muscat, mwamuzi wake atatoka wapi? Nauli tu ya baba yake kufika Kharumwa ni mavuno ya msimu mzima.

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Allah (s.w) hakuiacha ndoa ya Kiislamu isimame kwa upande mmoja. Mwanamke ana walii anayemwozesha na ana jamaa wanaomsikiliza. Mwanamume anapomwoa mwanamke na kumleta nchini kwake, anamtenga na upande huo wote kwa safari moja ya basi. Basi ni wajibu wake, na ni wajibu wa Waislamu wanaompokea, kumjengea upande mwingine. Asipofanya hivyo atakuwa amechukua mke bila ya kuchukua dhamana yake. Mtume (s.a.w) katika hotuba ya kuaga aliwausia wanaume wawatendee wema wanawake, akawafananisha na mateka walio mikononi mwao. Ikiwa aliyeolewa karibu na kwao anaitwa hivyo, yule aliyevushwa mpaka aitweje?

Mgeni aliyemiliki maji

Wapo wanaume ambao ukiwaambia haya wanakujibu: "Mbona Nabii Ibrahim (a.s) alimwacha mkewe Hajar jangwani?" Subhanallah! Ibrahim (a.s) alikuwa na amri ya Mola wake. Wewe unayemwacha mkeo kwa mama yako miezi minane ukiwa machimboni, amri yako imetoka wapi? Hajar mwenyewe hakuridhika mpaka alipomuuliza mumewe kama ni Allah aliyemwamrisha. Alipoambiwa ndiyo, akasema basi Allah hatatupoteza.

Tena tuisome habari hiyo mpaka mwisho. Hajar alikuwa mtu wa Misri, mgeni katika bonde lile. Katika masimulizi yaliyomo ndani ya Sahih Bukhari, watu wa kabila la Jurhum walipoona maji ya Zamzam walimwomba ruhusa ya kukaa karibu naye. Akawaruhusu, kwa sharti kwamba maji si milki yao, nao wakakubali. Tazama, ndugu Muislamu! Kabila zima linamwomba idhini mwanamke mmoja mgeni, na linaheshimu haki yake. Leo kila anayehiji au kufanya umra, awe mfalme au mchimbaji, anakwenda baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo za mama huyo. Vipi basi sisi tuone aibu kumpa mgeni wetu chumba chenye kufuli?

Na Mtume (s.a.w) alipokuwa akirejea Madina kutoka Khaybar pamoja na mkewe Safiyya (r.a), aliweka goti lake ili Safiyya akanyage juu yake apate kupanda ngamia. Hiyo ndiyo namna ya kumleta mke nyumbani. Alipofika Madina, Safiyya akasikia maneno, kama wanavyosikia wake wengi wageni. Imepokewa na Tirmidhi kwamba aliitwa binti wa Myahudi, akalia. Mtume (s.a.w) hakumwambia azoee, wala hakusema kuwa hayo ni mambo ya wanawake. Alimkumbusha kwamba yeye ni wa kizazi cha Nabii, ami yake ni Nabii na mumewe ni Nabii, kisha akamtaka aliyesema maneno yale amche Allah. Mume alisimama upande wa mgeni mbele ya watu wake mwenyewe.

Sasa wewe, mama yako na dada zako wakimwita mkeo "mkimbizi", unasema nini? Wakizungumza Kisukuma mbele yake siku nzima na yeye hajui neno, unamfasiria au unacheka pamoja nao?

Karatasi nazo ni amana

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaona mambo ya Uhamiaji ni mambo ya serikali, hayahusu dini. Hilo ni kosa. Chochote ambacho kukikosa kunaweza kumtenganisha mama na mtoto wake ni jambo la dini.

Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka mwaka 2013. Mwishoni mwa Julai mwaka ule Rais Kikwete, akiwa mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na huu wetu wa Geita. Maelfu ya watu walivuka kurudi Rwanda, Burundi na Uganda. Sina nia ya kujadili haki ya nchi kulinda mipaka yake. Ninachotaka tukizingatie ni kwamba miongoni mwa walioondoka walikuwemo wake wa Watanzania, na zikapatikana nyumba ambamo mume na watoto walibaki, mama akaondoka. Wanawake hao walikuwa wameolewa, wamezaa, wamelima. Walichokosa ni karatasi, na karatasi hiyo mtu wa kwanza kupaswa kuifuatilia alikuwa mume.

Wengine hudanganyika kwamba kwa kuwa Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, basi mambo yamekwisha. Hapana. Ruhusa ya kuingia kutembea si ruhusa ya kukaa. Mke mgeni anahitaji kibali cha kuishi nchini kama mtegemezi wa mumewe, na akitaka uraia kuna njia yake. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia, lakini iliweka neno moja zito: aombe wakati mume yungali hai. Mume akifa kabla ya ombi, mlango ule umefungwa. Yule mjane wetu aliishi hapa miaka sita, na kila mwaka mumewe alimwambia tutakwenda Geita mwezi ujao. Na kwa dada zetu wanaotaka kuleta waume kutoka nje, wajue kwamba sheria hiyo haikumpa mume mgeni njia hiyo waliyopewa wake. Yeye aliachiwa njia ya kawaida ya mgeni yeyote. Wajiandae mapema, wasije wakajua baada ya kuzaa.

Lipo pia suala la ardhi. Katika Uislamu, mjane ambaye mumewe ameacha watoto ana thumuni yake na ambaye mumewe hakuacha watoto ana robo, kwa mujibu wa aya ya 12 ya Surat An-Nisaa, na aya hiyo haikuuliza amezaliwa nchi gani. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mume asipoyapanga haya akiwa hai, fungu alilopewa mkewe na Allah litakuwa maneno ya kitabuni, na shemeji atajenga juu yake.

Silaha ya wanyonge wa imani

Sasa nitaje ovu lililo baya kuliko yote. Wapo waume, tena wanaosali safu ya kwanza, ambao mke mgeni akidai matumizi au akikataa kupigwa humwambia: "Ukinisumbua nitakuitia Uhamiaji." Amemwacha makusudi bila kibali ili awe na kamba ya kumfungia. Ndugu yangu, ulipomchukua kwa baba yake ulimchukua kwa neno la Allah. Allah ameamrisha katika aya ya 19 ya sura ile ile kukaa na wake kwa wema. Kumtisha mtu kwa udhaifu uliomsababishia wewe mwenyewe ni dhulma, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allah. Hiyo haihitaji kibali cha kuvuka mpaka.

Tufanye nini?

Kwanza, masharti yatajwe kwenye ndoa. Mtume (s.a.w) amefundisha kwamba masharti yenye haki zaidi ya kutekelezwa ni yale ya ndoa. Sayyidna Umar (r.a) aliletewa mtu aliyemwekea mkewe sharti la kutomhamisha, kisha akataka kumhamisha, na Umar akahukumu kuwa mwanamke ana sharti lake. Wanazuoni wametofautiana juu ya sharti hilo, lakini hakuna anayemzuia mume kuahidi kibali, chumba na safari ya kwenda kuwaona wazazi, na kutekeleza ahadi yake.

Pili, kabla ya walima, imamu aulize karatasi. Afanye hivyo kwa upole, kama anavyouliza habari za walii na mashahidi.

Tatu, mgeni apewe upande. Msikiti umteulie familia moja ya wacha Mungu iwe ndiyo jamaa zake. Akigombana na mumewe, mwamuzi wake atoke huko. Shauri likifika kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, asiende peke yake.

Nne, mume aandike mali na madeni yake. Mahari iliyobaki ni deni, hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Watoto wakatiwe vyeti vya kuzaliwa, kwani mtoto aliyezaliwa hapa kwa baba Mtanzania ni raia, na cheti chake ndicho kinachomfunga na mama yake kwa maandishi.

Na wewe unayesoma haya Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, usidhani ni habari za machimboni. Kijana wako aliyekwenda kusoma Sudan au Uturuki naye atarudi na mke. Ghorofani pia mtu anaweza kukosa upande.

Yule mjane alimaliza eda yake. Wazee wa msikiti walikaa na ndugu wa marehemu, mahari ikalipwa baada ya mabishano, na thumuni ikahesabiwa kwa fedha, pungufu ya haki yake kwa nionavyo. Akarudi Buyenzi na mtoto mdogo. Mkubwa, mwenye miaka mitano, alibaki kwa baba zake wadogo. Siku hizi ninamfundisha alif na be. Kila nikimwona nakumbuka lile pilau, na swali ambalo sikuuliza.

Tunamuomba Allah (s.w) atusamehe tuliyoyapuuza, awakutanishe waliotenganishwa, na awajaalie wageni walio majumbani mwetu wapate kwetu jamaa. Amin. Wabillahi tawfiq.