Mgeni Mbele ya Mizani

Mlango wa 19 wa Mambo ya Walawi una mpangilio ambao wahubiri wengi huupita mbio. Aya ya 33 na ya 34 zinakataza kumwonea mgeni aishiye kati ya watu, na zinaagiza apendwe kama mzaliwa. Aya inayofuata, bila hata kuvuta pumzi, inaingia kwenye vipimo: vya urefu, vya uzito na vya ujazo, kwamba visiwe vya hila. Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Mimi naona ni jambo moja. Mgeni ndiye wa kwanza kupunjwa, kwa sababu hajui bei ya soko, hana ndugu wa kumsemea, na akilalamika hakuna anayejua kwao ni wapi. Sura ya 83 ya Qurani, al-Mutaffifin, inafika papo hapo kwa njia yake: inawalaani wale ambao wakipokea kutoka kwa watu hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Kwa mkazi wa Voi, ambaye pengine ana jirani wa dini hii na shemeji wa dini ile, maandiko haya si mageni. Nayaleta hapa kwa ajili ya swali la siku hizi. Mtaalamu wa maabara aliyesomea Kenya akienda kutafuta kazi Uingereza, Kanada au Saudi Arabia, akaambiwa athibitishe upya kila alichokwisha kufuzu, je, amedhulumiwa?

Wengi watajibu kwamba amedhulumiwa, na ukiitazama njia anayopitishwa utaelewa ni kwa nini. Chukua aliyehitimu stashahada ya miaka mitatu katika KMTC, taasisi iliyoanza mwaka 1927 na ambayo leo ina kampasi hata Voi. Amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na ana leseni. Akielekea Uingereza, jina la kazi yake linalindwa kisheria na baraza liitwalo HCPC. Asiyekuwa kwenye daftari lake hawezi kujiita mwanasayansi wa tiba, na daftari hilo limezoea shahada kuliko stashahada. Atadaiwa pia mtihani wa Kiingereza, lugha aliyofundishiwa tangu shule ya msingi na kuandikia ripoti zake zote za maabara. Akielekea Marekani, vyeti vyake hupitia kwanza kwa kampuni ya kuvitathmini, ndipo aufikie mtihani wa kuthibitisha ujuzi, ule wa ASCP. Akifaulu na kupata kazi California au New York, majimbo hayo yana leseni zao wenyewe. Katika nchi za Ghuba nako, faili lake hukabidhiwa kampuni ya DataFlow, ambayo huandikia chuo alikosoma kuuliza kama kweli walimfundisha. Karani wa chuo asipojibu, faili hulala. Kila hatua ina ada yake, kwa dola au pauni, na ada hairudi mtu akikwama.

Hata hivyo sitasema kwamba kupimwa kwenyewe ni dhuluma, na sababu yangu inatoka ndani ya kazi yenyewe. Maabara ni mahali ambapo neno la mtu halitoshi. Mgonjwa akiapa kwamba ana malaria, mtaalamu hamkatalii wala hamkubalii. Huchukua tone la damu kwenye slaidi, hulipaka rangi ya Giemsa, huliweka chini ya hadubini kwenye lenzi ya mafuta, kisha huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200. Kutokana na hesabu hizo mbili hukadiria wingi wa vimelea katika damu. Hamwulizi mgonjwa ametoka Sagalla au Ulaya. Taveta, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, ina historia ndefu ya upimaji huu. Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, nyumba za pande zote mbili za mpaka zilipuliziwa dawa ya dieldrin na damu za wakazi zikachunguzwa ili ijulikane kama vimelea vinapungua. Kimelea kilichotafutwa kwenye slaidi ya mtoto wa Taveta na ya mtoto wa Pare kilikuwa kile kile, na aliyejua kukitambua upande mmoja alijua kukitambua upande wa pili. Elimu ya namna hii haina kabila. Ndiyo maana inaweza kupimwa popote, na ndiyo maana mwenye nayo hana haki ya kukasirika akiombwa aioneshe.

Na hapo ndipo hoja inapomgeukia mpimaji. Maabara inayojiheshimu ina masharti: kifaa kirekebishwe mara kwa mara, sampuli ya udhibiti ipimwe pamoja na za wagonjwa, na mara kwa mara iletwe sampuli kutoka nje ambayo jibu lake halijulikani kwa mpimaji, ili ionekane kama maabara yenyewe inasema kweli. Sampuli haikataliwi kwa sababu imetoka mbali. Hukataliwa ikiwa imeganda, imevuja au haina jina, na sababu huandikwa. Sasa yalinganishe hayo na mwajiri ambaye akiona neno Kenya kwenye fomu anaiweka kando bila kusoma, au tangazo linalodai uzoefu wa ndani ya nchi ile kutoka kwa mtu ambaye hawezi kuupata uzoefu huo bila kwanza kuajiriwa. Mtu huyu hakupimwa akapungua, hakupimwa kabisa. Watu wale wale ambao wasingethubutu kutoa majibu ya sukari bila kuendesha udhibiti, wanatoa hukumu juu ya binadamu kwa kutazama mahali alikozaliwa. Hilo kwangu ni kosa la maadili na kosa la kitaaluma kwa pamoja, na la pili linapaswa kuwauma zaidi kuliko la kwanza, maana ni kiapo chao wenyewe wanachokivunja.

Historia inaonesha jinsi kukosa kutambuliwa kunavyoweza kuwa kitu tofauti na kukosa ujuzi. Waafrika waliosomea udaktari Makerere wakati wa ukoloni walitibu, walipasua na walizalisha kote Afrika Mashariki wakiwa na cheo cha wasaidizi, hadi Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilipoitambua sifa ya Makerere mwaka 1957. Ni kweli kwamba mafunzo yenyewe yalikuwa yameboreshwa kabla ya hapo, na haifai kusema yote yalikuwa ubaguzi mtupu. Lakini mikono iliyofanya upasuaji mwaka 1956 haikujifunza upya usiku wa kuamkia 1957. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mizani alikubali kuitumia.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama wa mgonjwa. Mtu akikosea kundi la damu kabla ya kuongezewa mgonjwa, mgonjwa anaweza kufa, na hakuna nchi itakayohatarisha watu wake ili kumfurahisha mhamiaji. Nakubali, tena bila masharti. Ila pingamizi hili linatetea mtihani, halitetei vikwazo vingine vyote vinavyojificha nyuma ya mtihani. Ikiwa hofu ni kwamba mtu hajui kulinganisha damu, mpe damu alinganishe mbele yako. Ikiwa hofu ni kwamba hajawahi kutumia mashine fulani, na kweli hospitali nyingi za kaunti hazina mashine zilizojaa katika maabara za Toronto, mpe wiki kadhaa za kujifunza kisha mpime. Kumwongezea miezi ya kungoja barua hakumfanyi mgonjwa yeyote awe salama zaidi. Kinyume chake, mikono inayokaa bila kazi ndiyo inayosahau, na mamlaka nyingi za leseni huliona pengo refu katika kazi kuwa ni dosari, hata likiwa limesababishwa na urasimu wao wenyewe.

Kuna watakaosema kwamba nyumba ni ya mwenyewe: Uingereza haimdai Mkenya kitu, wala haimlazimishi aende. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mgeni angekuwa amejiendea tu. Lakini mwaka 2021 Uingereza ilitia saini na Kenya makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na Septemba 2024 Ujerumani ikafanya makubaliano yake ya uhamiaji na Kenya huko Berlin. Nchi hizi zinaita. Tena mwaka 2010 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, ambamo imeelezwa kwamba mhamiaji aajiriwe, apandishwe cheo na alipwe kwa vigezo vya haki, kama kiwango cha elimu yake, sawa na mwenyeji. Kanuni hizo ni za hiari, lakini waliozipitisha ni wao. Methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone, hospitalini inatimia neno kwa neno. Na hapa ndipo al-Mutaffifin inapoingia kazini. Mtu aliyezoea kusoma slaidi na kutia saini majibu anachukuliwa kuwa msaidizi wa kupokea sampuli na kubandika lebo, au mlezi wa wazee. Tatizo likitokea yeye analijua, wenzake wanamwuliza, na jibu lake linatumika. Ujuzi wake umepokewa kwa kipimo kilichojaa na kulipwa kwa kipimo pungufu. Msaidizi anayeulizwa mambo ya mtaalamu lakini analipwa ya msaidizi amepunjwa, hata kama mkataba alioutia saini hauna kasoro kisheria.

Nyumbani nako hakukosi wa kunena. Watu wa kaunti ya Taita Taveta wanaumwa, watasema. Kwa nini kijana aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo apeleke macho yake Manchester badala ya hospitali ya Wesu au ya Taveta? Swali lina haki yake, na nadhani wajibu kwa waliokusomesha ni deni la kweli. Lakini deni hulipwa kwa mtu anayekubali kulipokea. Afya ilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na kanuni za fedha za mwaka 2015 zinazitaka kaunti zisipitishe asilimia 35 ya mapato kwenye mishahara. Kwa hiyo unaweza kuwa na hospitali yenye foleni ya wagonjwa dirishani na wahitimu wa maabara wasio na kazi mtaa huo huo, wengine wakiishi kwa mikataba mifupi, wengine wakiuza simu. Na kwa kuwa mamlaka nyingi za nje hudai miaka kadhaa ya uzoefu, asiyeajiriwa Voi hawezi pia kuajiriwa Dubai. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaikimbia jamii yake ni kumdai anachonyimwa nafasi ya kutoa. Swali la deni linapaswa kuanzia kwenye bajeti ya kaunti.

Nimesikia pia mafundisho ya subira: kazi ni kazi, riziki ni ya Mungu, shukuru hata kwa kubandika lebo. Unyenyekevu ni fadhila, sipingi, lakini ni fadhila ya anayeutoa. Anayefaidika nao hana mamlaka ya kuudai. Wataita wa zamani walikuwa na fikra kali zaidi kuhusu jambo hili. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, anaeleza ibada ya kutasa, ambamo mtu hutema pombe au maji ya muwa huku akitamka kwamba anaiondoa hasira moyoni. Waliamini hasira iliyofichwa huleta maradhi na maafa kwa jamaa, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Dawa haikuwa kuimeza. Ilikuwa kwanza kuitoa kwa maneno. Naona hekima hapo ambayo mahubiri ya subira huipoteza: msamaha wa Wataita ulihitaji kwanza kosa litambuliwe. Mhamiaji anayeambiwa ashukuru tu anaombwa aanze na hatua ya mwisho.

Lakini kama mizani ni moja, lazima itupime na sisi. Taveta iko kama kilomita 40 kutoka Moshi, na zaidi ya 100 kutoka Voi. Hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu zaidi na mtu wa Taveta ni KCMC ya Moshi, na ni ya Tanzania. Kijana wa Taveta akisomea maabara Moshi, ng'ambo ya kituo cha mpakani cha Holili, akirudi nyumbani anahesabiwa kuwa amesomea nchi ya kigeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi zitambuliane sifa za elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walikwisha kutiliana saini za kutambuana. Wataalamu wa maabara hawamo katika hao waliotangulia, ingawa kazi yao ndiyo nyepesi kuliko zote kupimwa: slaidi kumi zisizo na majina, hadubini moja, na saa moja ya kuhesabu. Bodi ya Kenya na baraza la Tanzania vinaweza kukubaliana juu ya slaidi hizo bila kungoja ruhusa ya London. Mpaka vitakapofanya hivyo, Mkenya anayelalamika kwamba Waingereza hawakukisoma cheti chake ana haki ya kulalamika, na Mtanzania aliyekwama Taveta na cheti cha Moshi ana haki ya kumwuliza Mkenya huyo kwao wanapima vipi.