Guni

Katika ualimu wangu nimefanya makosa mengi, na mengi yake nimekwisha kuyasahau. Hili moja halijanitoka. Nalileta mbele yako, msomaji wangu, kwa kuwa limefungamana na swali ambalo washairi wa Kiingereza waliligombania karne iliyopita, na wa kwetu wakaligombania baada yao: je, mtu aliyefikwa na msiba ana haki ya kulia bila kufuata kanuni?

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya pwani, kusini ya mji wa Tanga. Niliwaagiza wanafunzi watunge shairi la beti tano, kila mshororo mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Mvulana mmoja, ambaye baba yake alikuwa amezama baharini katika kusi ya mwaka ule, alileta ukurasa wa mistari mifupi kwa mirefu, bila kina hata kimoja. Alikuwa amevitaja vitu vilivyokutwa ndani ya ngalawa: mshipi, kopo la kukumbia maji, kofia, mhogo uliofungwa katika jani la mgomba. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika neno moja juu ya ukurasa: GUNI. Alama, sifuri.

Guni, kwa asiyelijua, ni shairi lililopungukiwa na vina au mizani. Si tusi, lakini mbele ya darasa zima huwa zito kuliko tusi. Nami nilijiona nina hoja. Amri Abedi alikwisha kutuwekea sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na walimu tuliishika kama msahafu. Tena mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alikuwa ametoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyojali vina wala hesabu ya mizani, na ugomvi ukawaka. Wapo waliosema kwamba yale si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Mimi nilikuwa upande wao, tena kwa sauti kubwa.

Sasa nieleze aibu yangu. Miaka michache kabla ya hapo, katika chuo cha ualimu, tulisomeshwa washairi wa Kiingereza. Nilimhusudu T. S. Eliot, Mmarekani aliyehamia London, ambaye alikuwa mfanyakazi wa benki alipotoa The Waste Land mwaka 1922. Shairi lile limevunjika vipande vipande, lugha zimo kadhaa, na alipolichapisha kuwa kitabu akaongeza maelezo yake mwishoni. (Malenga wa kwetu hafumbi fumbo kisha akakupa ufunguo, lakini tuyaache hayo.) Mkufunzi alituambia kwamba ulimwengu wa watu wale ulivunjika katika vita vya 1914 hadi 1918, ndiyo maana na ushairi wao ukavunjika. Niliitikia kwa kichwa. Sikuuliza vina viko wapi. Eliot nilimsamehe mizani kwa sababu ya msiba wa Ulaya. Mtoto wa mvuvi, ambaye msiba wake niliujua kwa jina na kwa sura, nikamwandikia sifuri.

Na vita vyenyewe havikuwa vya mbali. Tarehe 4 Novemba 1914 askari wa Kiingereza na wa Kihindi walipigana na jeshi la Wajerumani hapa hapa Tanga, wakashindwa. Tarehe hiyo hiyo ya mwaka 1918 Wilfred Owen, mshairi wa miaka 25, aliuawa Ufaransa, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza. Owen hakuviacha vina, alivipotosha kwa makusudi: konsonanti hufanana, irabu hukataa, kama mtu anayefunga mshororo mmoja kwa "pole" na unaofuata kwa "pili". Sikio hungoja mlango ufungwe, nao haufungwi. Kwa sheria tulizozishika, Owen naye ni guni.

Usidhani nimekuwa adui wa vina. Dylan Thomas wa Wales alimtungia baba yake aliyekuwa akielekea kufa shairi la mistari 19 lenye vina viwili tu tangu mwanzo hadi mwisho, na huzuni haikupungua hata chembe. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alimlilia mkewe Amina kwa vina na mizani, na nani atakayesema kwamba hakulia? Tena mashairi huru mengi niliyoyasoma tangu wakati ule ni uvivu mtupu. Kupenda vina halikuwa kosa langu. Nilihesabu mizani kwa vidole kabla sijasoma maneno. Baba aliyezama alikuwamo mle ukurasani, na mimi nilirudisha daftari bila kumpa mwanawe hata pole.

Baada ya kustaafu nilimkuta ufukoni Sahare, mtu mzima mwenye mvi, akiuza samaki. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Nikamkumbusha habari ya daftari, nikamwomba radhi. Alicheka kwanza, kisha akatazama majini.

"Vina nilikuwa navijua, mwalimu," akasema. "Usiku ule kila nilipovitafuta vilikuja vya kuchekesha. Nikaona nikiviandika nitakuwa namcheka baba. Nikaviacha."

Sikuwa na la kujibu. Katika miaka yote ya kufundisha ushairi sikuwahi kuwaza kwamba kina chaweza kuja na kicheko mahali pasipostahili, na kwamba mtunzi aweza kukikataa kwa heshima. Nikamwuliza kama aliendelea kuandika.

"Hapana, mwalimu."

Akanifungia changu wawili katika gazeti, akazikataa pesa zangu.