Kufunika Mwanga Mkubwa

Somo: Marko 12:41–44



Umeme unapokatika huku kwetu Mtoni, kabla hatujaanza kunung'unika, yafaa tutoke uani tutazame juu. Nyota zilizofichwa na taa za Barabara ya Kilwa huonekana kwa wingi. Hazikuja saa ile, zilikuwapo.

Hata hivyo hizo tuzionazo ni chache. Wataalamu wa elimu ya nyota hutuambia kwamba katika kila nyota nne, kama tatu ni nyota ndogo, hafifu, za rangi nyekundu, nao huziita vibete vyekundu. Hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Basi umati mkubwa wa mbinguni ni wa wale wasioonekana.

Mwezi wa Juni 2025 ilitangazwa habari ya nyota moja ya jamii hiyo, iitwayo TWA 7. Kwa hesabu za nyota bado ni mtoto: umri wake ni kama miaka milioni 6, hali jua letu limepita miaka bilioni 4 na nusu. Iko mbali kadiri ya miaka 111 ya mwendo wa nuru, hata mwanga wake ulionaswa katika picha ile uliondoka huko Wajerumani wakiwa bado wanaitawala nchi hii. Imezungukwa na pete za vumbi, na katika pete hizo wataalamu walioongozwa na Bibi Anne-Marie Lagrange wa Ufaransa waliona nukta ndogo. Wanaamini ni sayari yenye uzito kama wa Zohali, ingawa wamesema kwa uangalifu, kama ipasavyo watu wa elimu.

Waliionaje? Darubini ya Webb, iliyorushwa angani siku ya Krismasi mwaka 2021, ina kifaa cha kuziba mwanga wa nyota, kama vile mtu anavyoinua kiganja kukinga jua ili amtambue anayekuja njiani. Pasipo kiganja hicho mwanga wa nyota ungalimeza kila kitu kilicho jirani yake. Angalieni, ndugu zangu: sayari haikuongezewa mwanga wowote. Kilichofunikwa ni mwanga wa mkubwa wake.

Bwana wetu alipoketi kulielekea sanduku la hazina, yule mjane hakuja siku ya peke yake. Alikuja pamoja na matajiri, katika mlio wa fedha zao nyingi. Wanafunzi walikuwa karibu, wenye macho mazima, lakini Marko asema ilimpasa Yesu awaite na kuwaonyesha. Yeye alikuwa amekwisha kuzifunika zile fedha nyingi moyoni mwake, ndipo senti mbili zikaonekana.

Sisi tuliozeeka katika ualimu twalijua jambo hili. Darasani yupo mtoto anyooshaye mkono kabla swali halijaisha. Ni mtoto mwema, na jibu lake ni sahihi. Lakini mwalimu asipomwambia, "Wewe, shusha mkono kwanza," hatajua kamwe kwamba binti wa dawati la nyuma naye analijua jibu.

Sasa Sikukuu ya Mavuno inakaribia. Tumezoea kusoma majina na kiasi: fulani ametoa laki kadhaa, makofi, fulani ametoa mbuzi, vigelegele. Halafu husemwa kwa haraka, "Na wengine wote, Mungu awabariki." Katika hao wengine wote yumo mama auzaye mihogo kituoni aliyeleta faida yake ya siku nzima. Yumo mzee afagiaye kanisa kila Jumamosi, asiye na cha kuleta madhabahuni ila ufagio. Watu hawa wamo miongoni mwetu miaka mingi, na wengine hatuyajui hata majina yao.

Jina si jambo dogo. Iko nyota nyingine nyekundu, ndogo pia lakini ya kale, umbali wa miaka 48 ya nuru. Mwaka 2009 iligunduliwa kuwa ina sayari. Hakuna aliyeiona, ila kila baada ya saa 38 hivi mwanga wa nyota hupungua, zaidi kidogo ya sehemu moja katika mia, sayari ikipita mbele yake. Mkubwa alipungua, mdogo akajulikana. Yohana Mbatizaji angalifurahi kusikia. Miaka yote hiyo zilikuwa na namba tu, hata mwaka 2023 zikapewa majina ya Kimaasai yaliyopendekezwa na wenzetu wa Kenya: nyota ni Orkaria, yaani udongo mwekundu, na sayari ni Enaiposha, maji makubwa, neno lile lile lililotupa Naivasha.

Wako watakaosema kwamba matajiri wasipotajwa watalegea, na paa linavuja. Paa linavuja kweli, wala hatuwadharau waliotoa kwa wingi. Nyota nayo ni kazi ya Mungu. Lakini tunawaomba wazee wa kanisa mwaka huu daftari la mavuno liandikwe majina yote bila safu ya kiasi, na yasomwe yote, hata kama ibada itachelewa kwisha. Mihogo na iwekwe meza moja na mbuzi afungwe karibu yake. Na yule mzee wa ufagio, kabla ya Jumapili hiyo, mtu na amwulize anaitwa nani.