Siku Kumi za Danieli

Baridi ya Juni na Julai ishukapo juu ya Kihesa, pale mjini Iringa, ni nyumba chache zisizosikika kikohozi. Mtoto akohoa, babu akohoa, na baba naye arudi kazini akikohoa. Lakini kikohozi ni kimoja na maradhi ni mengi: huyu ana mafua, huyu ana pumu, huyu ana kichomi, huyu ana kifua kikuu, na tangu mwaka 2020 yawezekana mwingine ana korona. Sikio la jirani haliwezi kuyatenganisha. Basi leo twapenda kusema neno juu ya kazi ya wale wanaopima maradhi na kujaribu dawa, maana kazi hiyo imedharauliwa na wengi, na wapo waliodhani kwamba mwenye imani haihitaji.

Na tufungue Kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Danieli na wenzake watatu, waliochukuliwa mateka Babeli, hawakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Danieli hakumwambia msimamizi wao amwamini tu kwa kuwa Mungu wake ni mkuu. Alimwomba awajaribu siku kumi: wao wale mboga na kunywa maji, vijana wengine wale chakula cha mfalme, kisha msimamizi mwenyewe azitazame nyuso za hawa na za hawa, na kukata shauri kwa kadiri atakavyoona. Tazameni mambo matatu. Siku zilihesabiwa, makundi yalikuwa mawili, na hukumu haikuachwa mikononi mwa Danieli, bali mikononi mwa mtu mwingine. Imani yake haikuogopa kupimwa.

Madaktari wa siku zetu hufuata njia iliyo karibu na hiyo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kiliongoza jaribio kubwa liitwalo RECOVERY. Kati ya dawa zilizojaribiwa ilikuwamo deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ambayo hospitali zetu nyingi zaijua. Wagonjwa 2,104 walipewa dawa hiyo, na wengine 4,321 walitunzwa kama ilivyo desturi. Si daktari wala mgonjwa aliyechagua nani aingie kundi gani. Lilikuwa jambo la kura, ili pasiwe na upendeleo. Tarehe 16 Juni 2020 jibu lilitangazwa: miongoni mwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, vifo vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja, miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni, vilipungua kwa kadiri ya tano moja, na wale wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yo yote.

Mtaona jinsi jibu hilo lilivyo la thamani, na jinsi lilivyo na mipaka. Dawa ile ile imsaidiayo mgonjwa mahututi kitandani haimfai anayekohoa kidogo nyumbani, tena yaweza kumdhuru. Asiyejua hayo ataikimbilia dukani.

Labda mtu atauliza: Kwa nini hesabu yote hiyo? Si yatosha kuona kwamba fulani alikunywa dawa akapona? Hapana, haitoshi. Walio wengi kati ya wanaoshikwa na korona hupona hata pasipo dawa. Kwa hiyo jani lo lote litakalochemshwa siku ile laweza kujitwalia sifa ambayo si yake. Aliyepona husimama sokoni akasimulia; aliyekunywa dawa ile ile akafa hana kinywa cha kusimulia. Ndiyo maana sharti wote wahesabiwe, wazima na wafu.

Tena, jaribio la kweli laweza kujibu kwamba dawa haifai, na jibu hilo nalo ni zawadi. Haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyoimeza miaka mingi kwa ajili ya malaria, ilisifiwa duniani kote. Mnamo Juni 2020 jaribio lile lile la RECOVERY lilionyesha kwamba haikuwasaidia wagonjwa wa korona waliolazwa. Jirani zetu wa Uganda, katika hospitali ya Mulago, waliwajaribu wagonjwa 136 kwa maji ya damu yaliyotolewa na watu waliokwisha kupona. Tumaini lilikuwa kubwa, lakini faida haikuonekana, nao wakatangaza hivyo bila kuficha. Huo ndio unyofu, kuipenda kweli hata inapovunja tumaini letu.

Hatusemi haya ili kuwadharau wazee wetu na mitishamba yao. Wakristo Wakatoliki tunayo sababu ya kukumbuka kwamba magome ya mti wa sinkona, ambayo kwayo kwinini ilipatikana, yaliitwa Ulaya magome ya Wajesuiti, kwa kuwa wao walikuwa miongoni mwa walioyaleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 17. Mti wa Mungu ni mti wa Mungu, uote Peru au uote Iringa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwezi wa Septemba 2020, lilikubali utaratibu wa kuzijaribu dawa za mitishamba za Afrika juu ya korona. Basi nyungu na majani yaheshimiwe kwa kupimwa kama dawa nyingine zote. Dawa inayokataa kupimwa yajitilia shaka yenyewe.

Na kipimo cha ugonjwa je? Homa kuu ya mafua ilipoipiga nchi yetu mwaka 1918 na 1919, ikaua watu hata huko Unyakyusa, hakuna aliyeweza kuonyesha kilichowaua. Kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka 1933. Sisi tumejaliwa zaidi. Ute wa puani waweza kuonyesha alama za kirusi cha korona baada ya saa chache. Ni kweli, kipimo chaweza kukosea, kama ute umechukuliwa vibaya au mapema mno. Na kile cha haraka chaweza kusema mtu hana, kumbe anacho. Lakini mizani ikitiliwa shaka hukaguliwa kwa mizani nyingine, haitupwi mtoni.

Twajua uchungu wa kuishi bila mizani. Tangu Mei 2020, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, taifa letu halikutangaziwa hesabu za wagonjwa. Mwezi wa Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alisema kwamba katika miezi miwili zaidi ya mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, akieleza juu ya maradhi ya kupumua. Tuliwazika na kuwaombea. Lakini ni familia ngapi ziliwazika watu wao pasipo kujua jina la kilichowaua, wala namna ya kuwakinga waliobaki?

Enyi wazazi, yafaa tushike mambo haya. Mtu akianza kuhema kwa shida, midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asingojeshwe mpaka nyungu ya tatu. Daktari akiuliza umekunywa nini, mwambieni kweli yote. Na mkiombwa kushiriki katika utafiti, kama watu wa Mbeya walivyoombwa kwa miaka mingi katika masomo juu ya kifua kikuu na ukimwi, msikimbie kwa hofu wala msikubali kwa haya. Ulizeni: Mwajaribu nini? Hatari yake ni ipi? Naweza kujitoa? Anayestahili kibali chenu atajibu kwa upole, na mtu ana haki ya kukataa pasipo kunyimwa matibabu.

Wale maelfu waliokubali mwaka 2020, wengine wakiwa karibu na kufa, hawakujua kama wao wenyewe wangepona. Wengine hawakupona. Lakini kwa kukubali kuhesabiwa waliwaachia wageni wasiowajua, hata wa Kihesa, dawa iliyojulikana kuwa inafaa. Bwana wetu alitufundisha kwamba jirani ni yule atendaye huruma, hata asipokuwa wa kabila letu. Tuwaombee hao katika sala za jioni, pamoja na madaktari na wauguzi wetu. Na Mtakatifu Luka, aliyekuwa mganga, atuombee sote tusiiogope kweli.