Jaa la Nyuma ya Jiko



Usiku mmoja wa Ramadhani, katika darsa yetu hapa Lurambi, tulisomesha juu ya israfu. Mzee mmoja akatwambia, "Maalim, hayo ni maneno ya matajiri. Sisi wa hapa tuna nini cha kufuja?" Tukamjibu kwa aya, akanyamaza, nasi tukadhani tumemaliza kazi.

Kulipokucha tukapita nyuma ya jiko letu wenyewe. Jaani palikuwa na nusu ya ugali wa jana, chapati mbili zisizoguswa, ndizi zilizoivia chumbani hadi zikaoza, na juu yake sahani za plastiki za futari tuliyowaalika wenzetu. Na ng'ambo ya ua wetu anakaa mjane mwenye mayatima. Wallahi tuliona haya, kwani sisi ndio tuliokuwa tukiwahubiria watu usiku ule.

Tazameni mpango wa aya ya 26 na ya 27 katika Sura ya Al-Israa. Mwenyezi Mungu ameanza kwa kuamrisha jamaa, maskini na msafiri wapewe haki yao, kisha papo hapo akakataza ubadhirifu, na wabadhirifu akawaita ndugu wa mashetani. Mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati. Kinachotupwa jaani kilikuwa na mwenyewe, naye hakukipata.

Wengi wetu waume tukiona haya huwageukia wanawake na kuwalaumu. Lakini ni nani anayetaka futari ya vyakula vinne, kisha akala viwili? Ni nani anayenunua ndizi mkungu mzima kwa kuwa bei imeshuka, bila kuuliza nyumbani kuna nini? Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na nguo yake mwenyewe. Sisi kiatu kikikatika ukanda hutupwa, na shati likitoka kifungo huwa tambara.

Tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, faini ikawa shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo. Mara watu wakakumbuka vikapu vyao. Basi khofu ya askari ilifanya kazi upesi, na makatazo ya Mola yamo masikioni mwetu tangu zaidi ya miaka 1,400! Wala si sisi peke yetu: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilieleza mwaka 2024 kuwa chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilipita tani milioni 1,000, na zaidi ya nusu yake kilitoka majumbani mwa watu.

Mvua za kwetu nazo si haba. Plastiki tunayoitupa mtaroni hubebwa hadi mto Isiukhu, Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia humwaga Ziwa Viktoria. Mtume (S.A.W.) amehesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi la imani. Huyu anayekiweka tumwiteje?

Siku ile tulikaa na ahali yetu na watoto. Tukakubaliana unga upimwe kwa kibaba kwa idadi ya walaji, na kiporo cha ugali kiliwe na chai asubuhi, sisi wa kwanza. Maganda na majivu huenda katika shimo la mboji, nayo ni kazi ya watoto. Plastiki hutengwa mbali nayo. Sahani za wageni sasa ni za bati, na waume ndio wanaoziosha.

Ama jirani, hapa tahadharini. Asipelekewe makombo, aya ya 267 ya Al-Baqara imekataza kukusudia kibaya katika kutoa. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi ili majirani wapate. Kwa hiyo fungu la mjane hupakuliwa kwanza, kabla ya letu.

Yule mzee tulimwendea, tukamwambia kuwa swali lake lilikuwa la haki na jawabu lake tulilikuta jaani petu. Akacheka sana, kisha akauliza kama mboji yetu ina ziada, maana sukuma wiki yake ilikuwa imedumaa. Tukampa karai mbili.