Chupa ya Bibi si ya Nyumba Nzima

Wanangu wa Kamsamba, na ninyi wa ng'ambo ya daraja kule Kilyamatundu, haya nimeyasema misibani, nimeyasema mnadani, na leo nayarudia ingawa sauti imechoka. Mzee akipelekwa Mbeya kutolewa mtoto wa jicho, ukoo mzima huchanga. Gunia la mpunga linauzwa, mbuzi anauzwa, mzee anapandishwa gari hadi Mlowo na kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa. Anarudi anaona. Watu wanapiga vigelegele. Ile chupa ndogo aliyopewa inawekwa dirishani, inatumika siku chache, kisha hakuna anayeiulizia mpaka mtoto wa jirani aamke na jicho jekundu.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, na ndipo nitakapoanzia.

Matone anayopewa mtu baada ya upasuaji huwa na kazi mbili. Kuna ya kuzuia vijidudu, yaani antibayotiki, na kuna ya kutuliza uvimbe, ambayo mara nyingi ni steroidi: deksamethasoni, prednisoloni na ndugu zao. Wakati mwingine zote mbili zimo ndani ya chupa moja. Jicho lililokatwa, hata kama mkono wa daktari ulikuwa safi na mwepesi, huvimba kwa ndani. Uvimbe huo usipotulizwa unaweza kufika nyuma ya jicho, pale picha inapopokelewa, na mzee aliyeanza kuwatambua wajukuu zake kwa sura akarudi kwenye ukungu. Kwa hiyo kwake yeye steroidi ni ya lazima, na amepewa na mtu aliyelichungulia jicho lake kwa darubini.

Mtu hunijibu, "Babu, kama ilimsaidia bibi, kwa nini isimsaidie huyu?" Ilimsaidia kweli, mjukuu wangu. Lakini steroidi kazi yake ni kuondoa wekundu, na wekundu unaweza kuondoka huku ugonjwa umebaki. Chukua kijana anayepura mpunga. Kapi limemrukia, au jani limemchoma, na kioo cha mbele cha jicho kimekwaruzika. Fangasi wanaoishi kwenye mimea huingia kwa mkwaruzo wa namna hiyo. Ukimtia matone ya bibi, kesho yake wekundu unapungua, maumivu yanapungua, na mama yake anasema dawa imemkubali. Kumbe ulinzi wa mwili ndio uliolazwa usingizi, na fangasi wanaendelea kula kioo. Hata virusi vile vinavyoleta vidonda vya homa mdomoni huweza kuingia jichoni, na ukivitilia steroidi peke yake umevifungulia njia. Nimewaona vijana waliobaki na kovu jeupe mbele ya mboni, wenye nguvu za kulima lakini jembe la mwenzao hawalioni likija upande ule.

Wapo pia watoto ambao macho yao huwasha mwaka nenda mwaka rudi. Wanayasugua mpaka weupe unakuwa wa kahawia. Mzazi akipata tone moja lenye steroidi anaona muujiza, maana mtoto analala na anaenda shule. Basi anarudi dukani kununua chupa nyingine, na nyingine, kwa miezi, pengine kwa miaka. Katika macho ya baadhi ya watu dawa hiyo hupandisha presha ya ndani ya jicho. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia pembeni polepole, na kilicholiwa hakirudishwi na daktari yeyote, wa Mbeya wala wa Ulaya. Dawa ileile inaweza pia kumletea mtoto huyo mtoto wa jicho katika umri wa kucheza mpira. Silaumu wazazi. Nawaomba tu kwamba mtoto wa namna hii apimwe, na kila chupa mnayopewa mwulize mtoaji wake: hii ina steroidi? Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, yametuokoa sana sisi wa vijijini. Lakini muuzaji, hata aliyefundishwa vizuri, hana kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho wala cha kupima presha yake.

Sasa niseme na wewe mjukuu unayemtunza bibi aliyerudi jana, maana mikono yake inatetemeka na kazi yote ni yako.

Nawa kwa sabuni kila mara, hata kama ulinawa muda si mrefu. Tikisa chupa ikiwa imeandikwa itikiswe, kwa sababu baadhi ya dawa hizi, prednisoloni ikiwa mojawapo, hutuama chini na juu hubaki maji matupu. Mlaze bibi au aegemeze kichwa nyuma, atazame juu. Vuta kope ya chini taratibu bila kubonyeza jicho, dondosha tone moja kwenye kimfuko kinachofunguka hapo. Tone moja linatosha. Kimfuko hicho hakibebi hata tone zima, la pili linashuka shavuni. Na piga hesabu: chupa ya mililita 5 ina matone kama 100, na mtu aliyeandikiwa mara nne kwa siku kwa wiki nne anahitaji 112. Ukidondosha matatu matatu, dawa itakwisha katikati ya safari. Hata ukiwa mwangalifu huenda ukahitaji chupa ya pili, basi uliza mapema itapatikana wapi.

Akishafumba jicho, mwambie asilikaze. Bonyeza kwa upole kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili, maana hapo pana kitundu kinachoshusha dawa puani na kooni. Yule anayesema anasikia uchungu mdomoni, dawa yake imekimbilia huko. Kama kuna chupa mbili, subiri dakika 5 kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Dawa ya mafuta ndiyo ya mwisho.

Ncha ya chupa isiguse kope, wala kidole, wala kitambaa. Mwaka 2023 huko Marekani, nchi yenye viwanda na maabara za kila namna, matone ya kulainisha macho yaligunduliwa kuwa na bakteria. Watu 81 katika majimbo 18 waliugua, 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waliondolewa jicho, na 4 walifariki. Yale yalikuja yamechafuka tangu mwanzo. Ya kwetu huchafuliwa nyumbani, kwa ncha kugusa tongotongo na kurudishiwa kifuniko. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hutupwa baada ya siku 28, hata ikiwa nusu. Andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu juu ya karatasi yake. Na huku bondeni kwetu joto si la mchezo, kwa hiyo isikae dirishani juani wala juu karibu na bati. Iweke mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na watoto. Kama hospitali wamesema inataka friji, waambie palepale kwamba friji huna.

Wiki inayofuata bibi atasema amepona, kwa nini umsumbue. Usimsikilize kwa hilo tu, mengine yote msikilize. Antibayotiki ina siku yake ya kwisha na haipunguzwi kidogo kidogo. Steroidi, kinyume chake, mara nyingi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa sababu ikikatwa ghafla uvimbe unaweza kurudi. Fuata cheti chake, usifuate cha jirani aliyepasuliwa mwaka jana.

Mama zangu wenye maziwa ya kifua, wazee wenzangu wenye utomvu na majani, sitawadharau. Kabla zahanati haijatufikia ndivyo tulivyosaidiana. Ila jicho hili lina mlango mpya. Upasuaji unaofanyika sana kwetu huacha kidonda kidogo kinachojifunga chenyewe bila uzi, na chochote kisicho safi kinaweza kupita humo. Vivyo hivyo maji ya mto, vumbi la kupepeta na moshi wa jikoni. Uso ufutwe kwa kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Asisugue jicho, na usiku alale na kile kifuniko cha plastiki alichopewa.

Jicho kukwaruza kidogo au kutoa machozi siku za kwanza si ajabu. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, au uwezo wa kuona uliorudi ukaanza kushuka, au wekundu ukaongezeka, kope ikavimba, usaha ukatoka, huenda vijidudu vimeingia ndani kabisa. Hilo hutokea zaidi katika siku za mwanzo, na matone ya nyumbani hayafiki huko ndani kwa kiasi cha kutosha. Daktari huchoma dawa ndani ya jicho lenyewe, na kila saa inayopita inahesabika. Usiongeze matone, usisubiri siku ya mnada ili upate lifti. Pitia kituo cha afya wakupe barua na wapige simu mbele yako, kisha ondokeni, hata kama barabara ina tope. Kwa hiyo mnapochanga fedha za kumpeleka mzee Mbeya, tengeni na nauli ya kumrudisha kwa dharura, ifungwe pamoja na cheti chake, na isiguswe hata kwa sukari mpaka wiki za dawa zitakapokwisha.