Ni Nani Aliyeharibu?



Hapa Unguja, mama akipoteza mimba hatukawii kusema, "Fulani ameharibu mimba." Hebu tulisikilize neno hilo. Aharibuye ni mtendaji. Basi kabla machozi hayajakauka, ulimi wetu umekwisha kumtia hatiani. Ikiwa ni mara ya tatu, maneno huenea kutoka Mkunazini mpaka Ng'ambo: alibeba ndoo nzito, ana laana, amerogwa. Wengine humshauri mume amrudishe kwao.

Je, ni haki kumtafuta mwenye kosa?

Mwaka 1983, huko London, daktari Graham Hughes na wenzake walieleza ugonjwa mmoja wa damu. Kila mwili una askari wa kuulinda, waitwao kingamwili. Katika ugonjwa huu baadhi ya askari hao hukosea, wakaushambulia mwili wenyewe. Damu huganda upesi kupita kiasi, na kondo la nyuma, linalompa mtoto chakula na hewa, hudhurika. Mtoto hufa tumboni, na mama hakutenda lolote.

Ugonjwa huu hujulikana kwa kupima damu, na kipimo hurudiwa baada ya majuma 12 au zaidi. Akionekana nao, daktari humpa aspirini kidogo kila siku pamoja na sindano za heparini, na wengi hujifungua salama. Lakini mtu asijitibu mwenyewe, maana mimba hutoka kwa sababu nyingi, na mara nyingi hata daktari haioni sababu.

Hapo ndipo tunapojaribiwa. Tukikosa sababu, tunaweka mkosaji. Lakini hayo ni mambo mawili. Sababu hutafutwa ili mgonjwa asaidiwe. Mkosaji hutafutwa ili sisi tulio wazima tutulie mioyo. Wanafunzi walipomwona yule kipofu, walitaka kujua dhambi ni yake au ya wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe, wala hakuishia hapo. Alimponya (Yohana 9).

Nasi tufanye yote mawili. Tuache kulaumu, kisha tumsindikize mama hospitali, na mumewe aende pamoja naye, kwani msiba ni wao wote wawili.

Tuanze na ulimi. Mama huyu hakuharibu kitu. Amefiwa. Twende tukampe pole kama tumpavyo kila mfiwa.